Mvumo kati ya kompyuta na amplifaya: transfoma, mwanga, Bluetooth au kadi ya USB?

Umechomeka kompyuta kwenye amplifaya ya stirio, ile kubwa ya zamani yenye redio ndani na vitufe vya kuzungusha. Unafungua sauti, na kabla wimbo haujaanza spika zinasema mmmmm. Ukienda kuuliza kwenye maduka ya Mutaasa Kafeero au William Street pale Kampala, kila muuzaji ana jibu lake. Huyu anakupa kijisanduku chenye waya pande mbili, yule anakupa kadi ya sauti ya USB, wa tatu anasema nunua Bluetooth uachane na waya. Ukirudi nyumbani, fundi wa jirani anakuja na koleo tayari kukata mguu wa ethi, yaani njia ya umeme kwenda ardhini, kwenye plagi. Kila mmoja wao amewahi kuona njia yake ikifanya kazi, kwa hiyo hakuna anayekudanganya. Ila hakuna njia inayoondoa kila mvumo, na mojawapo inaweza kukuua.

Msimamo wangu nauweka mezani mapema. Kama amplifaya yako ina tundu la kebo ya mwanga, au unaweza kuipatia, tumia mwanga. Kama haina, nunua transfoma ya kutenganisha. Bluetooth ni ya anayesikiliza muziki tu, na kadi ya USB ni ya tatizo jingine kabisa, ambalo huenda wewe huna. Yanayofuata ni sababu.

Sikiliza kwanza, nunua baadaye

Umeme wa Uganda ni volti 240, na hubadilisha mwelekeo kwa kasi ya hezi 50. Mvumo unaotokana na ethi huanzia hapo: sauti nzito, karibu kabisa na noti ya G kwenye waya mnene wa gitaa la besi. Mpiga besi wa kanisani ataitambua mara moja. Ukisikia mvumo wa juu kidogo, wa hezi 100, shuku amplifaya yenyewe. Ndani yake umeme hugeuzwa kuwa wa mkondo mmoja, na mabaki ya mawimbi huja mara 100 kwa sekunde. Kapasita kubwa za kuchuja zikishazeeka, mabaki hayo hufika hadi kwenye spika. Kelele ya tatu ni mlio wa zzzz wenye vikwaruzo, unaobadilika ukisogeza mausi au ukifungua dirisha jipya kwenye skrini. Hiyo inatoka tumboni mwa kompyuta.

Sikio peke yake hudanganywa, kwa sababu kelele hizi huchanganyika. Kwa hiyo chomoa kimoja kimoja. Anza na waya wa sauti: utoe kwenye amplifaya, amplifaya ibaki inawaka. Mvumo ukiendelea, hasa ule usiopanda wala kushuka ukizungusha kitufe cha sauti, kompyuta haihusiki na hakuna kifaa cha dukani kitakachokusaidia; tafuta fundi wa kubadilisha kapasita. Mvumo ukikoma, rudisha waya, ila mwisho wa pili uchomeke kwenye simu ambayo haiko kwenye chaja. Ikiwa kimya, waya ni mzima. Ikivuma, waya ndio mgonjwa: mara nyingi ule wavu wa shaba unaozunguka waya wa ndani umekatikia shingoni mwa plagi, pale tunapopavuta kila siku. Kisha rudisha kompyuta.

Afande mmoja mstaafu wa Bombo, mwenye amplifaya ya Kijapani anayoifuta vumbi kila asubuhi, alikuwa ameshashauriwa anunue nyingine. Nilikuwa naye kwenye simu.

"Afande, chomoa chaja ya laptopu. Amplifaya usiiguse."

"Nimechomoa. Imekufa."

"Imekufa nini, laptopu?"

"Kelele, kijana. Wimbo unaendelea."

"Sasa rudisha chaja."

"Imerudi. Inanguruma kama jana."

Tatizo likawa limejulikana kabla mtu hajashika bisibisi. Laptopu ikitumia betri na kukawa kimya, mvumo unapita kwenye chaja na ethi, na hapo ndipo transfoma, mwanga na Bluetooth zinapohusika. Laptopu ikitumia betri na zzzz ikabaki palepale, uchafu uko ndani ya kompyuta, na kadi ya USB ndiyo inapata kazi.

Ethi inayovuma, na ethi isiyokuwepo

Chaja ya laptopu yenye miguu mitatu mara nyingi huunganisha upande hasi wa kompyuta, pamoja na chuma chake, na ethi ya nyumba. Kompyuta za mezani ndivyo zilivyo karibu zote. Amplifaya nayo ina njia yake ya kwenda ardhini: kwa mguu wa tatu wa plagi kama inao, au kwa waya wa dishi unaoshuka kutoka paani na kupita kwenye dikoda na televisheni. Ukiunganisha viwili hivi kwa waya wa sauti, umefunga duara. Ardhi ya huku na ardhi ya kule hazilingani sawasawa, na tofauti ya sehemu ndogo sana ya volti inatosha kusukuma mkondo kwenye wavu wa nje wa waya wa sauti. Waya za RCA, ile nyekundu na nyeupe, hutumia wavu huohuo kama njia ya kurudi ya muziki. Amplifaya haina namna ya kujua kipi ni wimbo na kipi ni umeme, inakuza vyote.

Maelezo mengi ya mtandaoni huishia hapo, kwa sababu yameandikwa na watu ambao nyumba zao zina ethi. Kwetu, kwenye nyumba nyingi za kupanga, tundu la tatu la soketi ni pambo. Hakuna waya nyuma yake, au upo lakini nondo ya ethi imezikwa kwenye kifusi kikavu. Halafu kuna plagi za miguu miwili ya mviringo, zile zinazoingizwa kwa kusukuma kalamu kwenye tundu la juu ili vifuniko vya ndani vifunguke. Duara la ethi hapo halipo, na bado spika zinavuma.

Sababu ni kapasita ndogo zilizomo ndani ya chaja, zilizowekwa ili kuzuia kelele za redio, zinazogusa upande wa umeme na upande wa kompyuta. Kapasita ya nanofaradi 4.7 kwenye volti 240 za hezi 50 inaweza kupitisha karibu theluthi moja ya miliampia. Ndio ule mwasho unaousikia vidoleni ukipapasa laptopu ya chuma ukiwa pekupeku kwenye sakafu ya saruji. Ni mkondo mdogo, lakini kwa waya wa sauti ni mwingi, na unatafuta ardhi kupitia amplifaya yako. Kwenye hali hii jaribu kugeuza plagi ya miguu miwili, upande wa kushoto uwe wa kulia. Waya wa moto na wa nyutro vikibadilishana nafasi, mvumo unaweza kushuka sana. Ila tumia adapta ya kawaida, kalamu iache kwenye daftari.

Vitu vya bure

Chomeka kila kitu kwenye ekstensheni moja: kompyuta, amplifaya, televisheni, dikoda. Laptopu ikiwa imechomekwa ukuta wa huku na amplifaya ukuta wa kule, duara lako linazunguka nyumba nzima. Kwenye ekstensheni moja linakuwa fupi na tofauti kati ya ethi mbili inakaribia kwisha. Mara kadha wa kadha hii peke yake inamaliza kazi. Mzigo usikutishe, stirio na laptopu ni vitu vyepesi kwa ekstensheni ya ampia 13. Pasi na birika ndizo zisiingie hapo.

Waya wa sauti uwe mfupi, usilale ubavuni mwa waya za umeme. Vikilazimika kukutana, vipishane kama msalaba. Na angalia umechomeka tundu gani. Amplifaya za zamani zina tundu la PHONO, la sindano ya santuri, ambalo hukuza mawimbi kama mara 100 zaidi na kuongeza besi kwa makusudi kufuata mkunjo wa RIAA, kanuni ya kurekodi santuri. Hezi 50 ziko karibu na kilele cha ongezeko hilo. Kompyuta ikichomekwa PHONO, mvumo mdogo unageuka ngurumo na muziki unapasuka. Tumia AUX, CD au TAPE.

Sauti ya kompyuta iweke juu, asilimia 80 au zaidi, kisha punguza kwenye amplifaya. Wengi hufanya kinyume: kompyuta asilimia 20, amplifaya imefunguliwa mpaka mwisho, na kila uchafu ulioingia njiani unakuzwa pamoja na wimbo.

Transfoma na mwanga, uso kwa uso

Transfoma ya kutenganisha ni kile kijisanduku chenye ukubwa wa kiberiti au zaidi kidogo, kina plagi ya milimita 3.5 au RCA pande zote mbili, na hakihitaji umeme. Ndani mna transfoma mbili ndogo, moja ya kushoto na moja ya kulia. Muziki unavuka kwa usumaku kutoka koili moja kwenda nyingine, wakati shaba ya upande huu haigusani na shaba ya upande ule. Duara limekatika kwenye waya wa sauti, na ethi ya kila kifaa imebaki mahali pake kulinda watu. Kwa amplifaya ya miaka ya 1970 au 1980 yenye RCA tu, hakuna njia rahisi kuliko hii. Unachomeka, mvumo unakwisha, unaendelea na maisha.

Kasoro yake ni besi. Transfoma ndogo ina chuma kidogo ndani, na chuma hicho hujaa usumaku mapema kadiri sauti inavyokuwa nzito na kubwa. Weka kadongo kamu, gitaa na sauti ya mtu, hutasikia tofauti. Weka dansihoo au lingala yenye besi nene, ongeza sauti, na zile za bei ya chini zinaanza kukoroma na kupoteza uzito wa chini. Ukiisikia hali hiyo, teremsha sauti ya kompyuta hadi nusu au robo tatu. Hapa ushauri wa asilimia 80 unalegezwa, kwa sababu transfoma inapumua vizuri ikipewa mawimbi madogo. Zipo transfoma nzuri kwelikweli, kama za Jensen ya Marekani, ambazo besi haziigusi, lakini bei yake inaweza kuipita amplifaya uliyoinunua mtumba. Kwa matumizi ya nyumbani ile ya kawaida inatosha, mradi usiiweke juu ya amplifaya, pale ilipo transfoma kubwa ya umeme. Usumaku wa ile kubwa utaingia kwenye ndogo na utarudi kusikia mmmm uliyoilipia iondoke. Isogeze nusu mita.

Kebo ya mwanga ni jambo jingine kabisa. Kiwango kinachotumika ni TOSLINK, kilicholetwa na Toshiba mwaka 1983: uzi wa plastiki wenye unene wa kama milimita moja, unaopitisha mwanga mwekundu. Plastiki haipitishi umeme, kwa hiyo hakuna ethi, hakuna duara, hakuna mkondo wa chaja. Hata uchafu wa ndani ya kompyuta haupiti, maana kinachosafiri ni namba, na kazi ya kuzigeuza kuwa sauti inafanyika upande wa amplifaya. Kwa usafi wa sauti, hakuna mshindani katika orodha hii.

Shida ni kulipata tundu. Baadhi ya kompyuta za mezani zinalo nyuma, dogo la mraba, likiwaka mwanga mwekundu. MacBook Pro nyingi za kabla ya 2016 zinalo ndani ya tundu lilelile la visikizio, ila zinahitaji kichwa kidogo cha adapta. Laptopu nyingine nyingi hazina. Njia inayonipendeza zaidi ni kupitia televisheni: kompyuta inaingia kwenye televisheni kwa HDMI, na televisheni inatoa sauti kwa kebo ya mwanga kwenda kwenye amplifaya. Televisheni bapa nyingi zina tundu hilo nyuma na wenyewe hawajawahi kuligusa. Kumbuka HDMI yenyewe haikati chochote, ina wavu wa shaba kama waya nyingine. Kinachokata ni ule uzi wa plastiki wa mwisho.

Amplifaya ya zamani isiyo na tundu la mwanga inahitaji kisanduku kidogo cha kugeuza mwanga kuwa RCA. Zingatia mambo mawili hapa. Kisanduku hicho kinatumia volti 5, na waya wake wa umeme una kichwa cha USB kinachokutamanisha ukichomeke kwenye kompyuta au televisheni iliyo karibu. Ukifanya hivyo, umerudisha shaba uliyoiondoa, na mvumo utarudi nayo. Kipe chaja yake ya simu, peke yake. La pili, ingia kwenye mipangilio ya televisheni uchague PCM, yaani sauti isiyobanwa. Visanduku vya bei nafuu havielewi Dolby, na ukiacha mpangilio huo utapata ukimya au mikwaruzo, halafu useme umeuziwa kibovu.

Kwa hiyo: transfoma ni kitu kimoja, dakika moja, na inakuachia wasiwasi wa besi. Mwanga ni vitu viwili au vitatu, adapta na chaja yake, na ukishakamilika husikii chochote. Kebo ya mwanga haipendi kukunjwa kwa pembe kali, na ikipita mita kumi hivi inaanza kukatakata. Transfoma hutupi hata ukihama nyumba. Inatumika na simu, kinanda, hata redio ya gari.

Bluetooth

Inakata shaba kikamilifu, haina cha kufunga, na kipokezi chake kinapatikana kila duka la simu kuanzia Kampala Road hadi soko la Busia. Kwa muziki wa sebuleni inatosha, ubora wake ni mzuri kuliko sifa mbaya inayopewa, na mama anaweza kuiendesha kutoka jikoni. Kipe kipokezi chaja yake, kwa sababu ileile ya kisanduku cha mwanga.

Inaposhindwa ni kwenye picha. Sauti ya Bluetooth ya kawaida huchelewa kwa sehemu ya sekunde, mara nyingi milisekunde 150 hadi 250, na jicho linaona midomo ikitangulia maneno. Programu kama VLC inakuruhusu kurekebisha kwa vitufe vya J na K, hatua ya milisekunde 50 kila ukibonyeza, na ukishapata mahali pake filamu inatazamika. Kwa mwenye kibanda cha video haifai. VJ anapotafsiri filamu papo kwa papo, maikrofoni yake haicheleweshwi na sauti ya filamu inacheleweshwa. Kicheko cha watu kinaingia kabla ya kofi kusikika. Na umati wenye simu mifukoni, kila moja ikirusha mawimbi kwenye gigahezi 2.4, si rafiki wa Bluetooth.

Kadi ya USB inauzwa kwa sababu isiyo yake

Kadi ya sauti ya nje inahamisha kazi ya kutengeneza sauti kutoka ndani ya kompyuta kwenda nje, mbali na mota, feni na prosesa. Kwa ile zzzz inayofuata mausi ni tiba sahihi, na hata ya bei ndogo husaidia. Lakini inakula umeme wa USB na ethi yake ni ileile ya kompyuta. Mvumo wa duara unapita ndani yake bila hata kupunguza mwendo. Watu wengi hununua kadi, wanapata mmmm ileile, wananunua kadi ya gharama zaidi, wanapata mmmm ileile yenye ubora wa juu.

Kama unayo tayari na unaipenda, kipo kizuizi cha USB kinachowekwa katikati, vingi vikitumia chipu ya ADuM4160 ya Analog Devices. Kinakata shaba kweli, ila mwendo wake unaishia megabiti 12 kwa sekunde. Stirio ya kawaida inapita bila taabu. Kadi kubwa zinazohitaji USB ya kasi ya juu zaidi huenda zisitambulike kabisa. Mimi ningechukua kadi ya kawaida nikaifuatishia transfoma, ni rahisi na haina mzozo wa programu.

Koleo la fundi

Kukata mguu wa ethi kunaondoa mvumo, na ndiyo sababu ushauri huu haufi. Duara limekatika, spika kimya, fundi anapewa soda. Kilichokatwa ni ile njia ambayo, siku waya wa moto utakapogusa chuma ndani ya kompyuta ya mezani au amplifaya, ingeubeba umeme kwenda ardhini na kuunguza fyuzi. Bila njia hiyo chuma kinakaa na volti 240 kikimngoja mtu, na mtu huyo mara nyingi ni mtoto. Waya za RCA nazo zinabeba hatari hiyo kutoka kifaa kimoja hadi kingine. Hili siliweki kwenye mizani na mengine.

Ni tofauti na kununua chaja iliyotengenezwa kiwandani kwa miguu miwili, yenye alama ya mraba ndani ya mraba. Hiyo imejengwa kwa kinga maradufu na haihitaji ethi. Kwa laptopu inaweza kukata duara kihalali, ingawa ule mwasho wa vidoleni unaweza kuongezeka na mvumo mwembamba wa kapasita ukabaki.

Na kama ethi ya nyumba haipo, mwite fundi wa umeme mwenye kibali cha ERA, mamlaka ya kudhibiti umeme Uganda, aipime na kuizika upya mahali penye udongo unyevu. Si kwa ajili ya muziki.

Wenye sola na amplifaya za mbali

Inveta za bei ya chini hazitoi wimbi laini. Zinatoa ngazi za mraba, na ngazi hizo zimejaa kelele za juu zinazoingia kwenye transfoma ya umeme ya amplifaya yenyewe. Hapo kifaa cha kuweka kwenye waya wa sauti hakina la kufanya. Jaribio ni lilelile: chomoa waya wa sauti, na ukiona kelele ipo kwenye sola na haipo kwenye umeme wa kawaida, badilisha inveta kwa ile ya wimbi safi.

Amplifaya za Japani na Marekani zinazoletwa mtumba zinahitaji volti 100 au 120, kwa hiyo zinakaa na transfoma ya kushusha pembeni. Zile za Marekani zilibuniwa kwa hezi 60. Kwa hezi 50 chuma cha transfoma yake kinafanya kazi zaidi, kinapata joto, na chenyewe kinaweza kuvuma. Weka sikio kwenye boksi. Sauti ikitoka kwenye boksi na si kwenye spika, ni kelele ya chuma kinachotikisika, na mpira mnene chini ya miguu yake utasaidia kuliko chochote cha kielektroniki.

Nani achukue nini

Afande wa Bombo, mwenye amplifaya ya RCA na laptopu, alichukua transfoma, na anasikiliza kwa sauti ya kawaida kwa hiyo besi haijamsumbua. Familia yenye televisheni bapa na kompyuta ya watoto: HDMI, kisha mwanga. Kibanda cha video chenye mikseta: usihangaike na vijisanduku vya milimita 3.5, nunua kisanduku cha DI, kile cha kuingiza sauti ya kifaa kwenye mikseta, chenye swichi ya kutenganisha ethi, utoke kwa kebo za XLR. Kebo hizo hubeba sauti kwenye waya mbili zinazopingana, na mikseta inafuta kelele iliyoingia sawasawa kwenye zote mbili; mita ishirini kutoka kwenye kompyuta hadi jukwaani hazitishi. Kanisa nalo ni hivyohivyo. Swichi hiyo ya DI inakata wavu wa kebo ya sauti tu, ethi ya umeme haiguswi.

Kisha kuna wale ambao wamejaribu yote haya kwenye kompyuta na mvumo umebaki. Chomoa waya wa dishi nyuma ya dikoda. Kukiwa kimya, duara linapita juu ya paa. Waya wa antena ya kawaida unaweza kuwekewa kitenganishi kidogo, lakini wa dishi hapana: dikoda inapeleka volti 13 au 18 kwenye kichwa cha dishi kupitia waya huohuo, na kitenganishi hicho kingeukata umeme huo na picha ikapotea. Unachoweza kufanya ni kuunganisha wavu wa waya wa dishi na ethi ileile ya nyumba pale unapoingilia ukutani, ili pasiwe na ethi mbili zinazobishana. Au, ikiwa dikoda yako ina tundu la mwanga, peleka sauti yake kwenye amplifaya kwa uzi wa plastiki, na uhakikishe hakuna waya mwingine wa shaba uliobaki kati yao, hata ule wa RCA uliosahaulika nyuma ya kabati.